Redio Ikishazimwa

Kila mzazi anayeniuliza habari za kumfundishia mtoto nyumbani huanza na vitabu. Anataka kujua vinapatikana wapi, ni bei gani, na kama kuna programu nzuri ya kuweka kwenye simu. Mimi humrudisha nyuma kidogo na kumuuliza: jina la mtoto liko kwenye rejista ya shule gani? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyetimiza miaka 7 ameandikishwa shule na anahudhuria, na siku hizi kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM ya Baraza la Mitihani, inayomfuata kila anakohamia. Mtoto aliyeondolewa kwenye rejista anaweza akawa anasoma vizuri kupita wenzake wote, lakini siku ya upimaji wa darasa la nne hana jina, hana namba, hana dawati. Vitabu hutafutika. Namba ikipotea utazunguka ofisi hadi soli za viatu ziishe.

Somo hilo lilinifika Mbeya mwaka 2019. Binti yangu wa pili alikuwa darasa la tatu. Alianza kuumwa koo, likapoa, kisha yakaja maumivu ya viungo yanayohamahama, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Mwezi wa saba Mbeya kila maumivu husingiziwa baridi, na majirani wakaniletea sweta na tangawizi. Daktari alipomsikiliza kifua akatuambia ni homa ya baridi yabisi na imeshagusa moyo. Alitakiwa kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kupumzika, na asipande mlima. Sasa nyumbani kwetu ni huku juu, upande wa Mlima Loleza, na shule iko bondeni. Kwenda ni kuteremka, kurudi ni kupanda.

Ofisini shuleni mtu mmoja, ambaye simtaji wala shule yake siitaji, alinishauri nimwondoe kabisa mpaka apone ili nafasi isikae bure. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyenivuta pembeni. "Mama, usikubali kabisa. Lete barua ya daktari, mimi nitaandika kwamba yuko kwenye matibabu." Barua ile niliitoa kopi kadhaa. Moja ilibaki shuleni, moja nikampelekea mtendaji wa mtaa, moja ikakaa kwenye mkoba wa kliniki, na moja iko kabatini hadi leo pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Haikupita muda mrefu mtendaji akapiga hodi, kwa sababu kuna jirani aliyempa taarifa kwamba kwangu kuna mtoto anafichwa ndani. Jirani huyo sikumchukia. Wapo watoto wanaofichwa ndani kweli katika nchi hii, wengine kwa sababu ya ulemavu, wengine kwa sababu wanatumikishwa, na ni heri mtu aulize kuliko anyamaze. Mtendaji alisoma barua, akafunua daftari la hesabu lililokuwa mezani, akampa mtoto pole, akaenda zake. Mzazi mwenye barua na daftari lililoandikwa tarehe ya jana hana haja ya kumwogopa mtendaji.

Kikwazo cha pili ni mtu mzima wa kukaa na mtoto, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mimi ninauza vitenge Mwanjelwa, na mfanyabiashara wa sokoni asipofungua asubuhi wateja wanahamia kibanda cha jirani. Mume wangu ni dereva wa semi, njia ya Tunduma hadi Zambia, na foleni ya mpakani ikimshika hatujui atarudi lini. Miezi iliyobaki ya mwaka ule tulisoma jioni, mtoto amechoka na mimi nimechoka zaidi. Mwaka ulipogeuka tukafanya uamuzi wa kumpeleka Iringa, Kihesa, kwa mama yangu. Kliniki ya kuendelea na sindano ilikuwepo, nyumba ya mama iko tambarare, na yeye mwenyewe hakuwa na soko la kukimbilia. Shule yake ikabaki ileile ya Mbeya.

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani utotoni. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto, miaka ile ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kijijini kwao, upande wa Kilolo, walikuwa wakikutana kanisani mchana baada ya shamba, wanawake wengi, wanaume wachache wakiona haya. Herufi alizipata huko. Lakini jambo ambalo amelizungumzia maisha yake yote ni redio.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Redio Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya kusikiliza viliundwa nchi nzima, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu. Wiki hii malaria, wiki nyingine safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Cha mama kilikutana kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu ndiye aliyekuwa na redio, na kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. "Redio ikishazimwa," mama husema, "ndiyo tunaanza." Kiongozi aliuliza kila mmoja: umesikia nini? Kwako ikoje? Nani ana dimbwi nyuma ya nyumba? Basi wanainuka wote wanakwenda kulitazama dimbwi la mwenye dimbwi. Kabla ya wiki kwisha limefukiwa, na watu wamepangiana zamu ya kuchimba vyoo. Mama anasema yapo mambo mengi aliyoyasikia redioni baadaye akayasahau, lakini hakuna hata moja la kipindi kile lililomtoka, kwa sababu kila moja alilifanya kwa mikono siku chache baada ya kulisikia.

Kwa hiyo binti yangu alipofika Kihesa na simu yangu ya zamani iliyojaa video, na jioni ya kwanza akakaa kumtazama Kibena na wenzake wa Ubongo Kids kwenye televisheni, bibi yake alitulia naye hadi mwisho, akazima, akaivuta stuli yake karibu. "Haya, mjukuu wangu. Wamesema nini?" Mtoto akasema walikuwa wanaimba kuhusu sehemu. "Sehemu za nini?" Za keki. "Hapa keki hakuna. Kuna nini cha kugawa?" Wakagawa viazi. Mtoto alilalamika kwangu kwenye simu kwamba kwa bibi hakuna kuangalia kitu bila kuulizwa.

Mimi nilicheka, lakini kadiri wiki zilivyokwenda nilianza kuona kwamba mama yangu, ambaye hajui Kiingereza wala hana cheti cha ualimu, ameshika kitu ambacho mimi na simu yangu tulikuwa hatuna. Nyenzo za kumfundishia mtoto nyumbani siku hizi si haba. Adimu ni yule mtu wa kukaa pale kipindi kikiisha na kuuliza, kisha akatafuta kazi ya mikono inayofanana na kilichosemwa. Hilo ndilo ninaloliandikia makala haya, na yote mengine nitakayoyataja yanasimama juu yake.

Nitoe mfano wa kikapu. Mama husuka vikapu vya milulu, hivi vya Iringa vinavyouzwa hadi nje ya nchi, na mjukuu wake akataka kusuka cha kwake. Vikapu hivi huanzia kitako. Unapanga mabua, mengine yanapita juu ya mengine, unayafunga, unayatandaza pande zote, kisha unazungusha uzi wa majani juu, chini, juu, chini, ukipanda taratibu. Ukitaka maua ya rangi, unaruka mabua kwa hesabu. Binti yangu aliweka mabua 50 kwa kuwa 50 ni namba nzuri ya kuhesabia, na ua alilolichagua lilihitaji mabua 4 kila mara. Alisuka duara zima. Alipofika pale alipoanzia, ua la mwisho lilikuta limebakiwa na mabua 2 tu, likagongana na la kwanza, likaonekana kama jino lililovunjika. Bibi yake hakumwambia kitu. Alimwuliza tu, "Ungepunguza mangapi?" Mtoto akakaa na vidole vyake, akagawa 50 kwa 4, akapata 12 na mabaki 2, akafumua duara zima, akatoa mabua mawili. Mabua 48 yakakubali. Siku zilizofuata akagundua mwenyewe kwamba 48 inakubali pia maua ya mabua 3, ya 6, ya 8 na ya 12, akanipigia simu usiku kunieleza. Miaka miwili baadaye, walipoanza mambo ya vigawo na vigawe shuleni, hakuwa mgeni wa jambo lile hata kidogo.

Hapo nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba jikoni na kikapu vinatosha. Mtoto wa darasa la nne ana mada za sayansi, ana Kiingereza, ana maarifa ya jamii, na kuna mada ambazo bibi hazijui. Hapo ndipo vitabu vinapoingia, na bahati nzuri vya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, vipo kwenye maktaba mtandao yao, na mzazi anavisoma bila kulipia. Gharama ni bando. Nilichokuwa nikifanya ni kufungua mada moja nikiwa Mbeya, kwenye steshenari yenye intaneti, nachapa kurasa zile tu za wiki mbili zinazokuja, nazituma Iringa kwa basi pamoja na daftari. Karatasi haiishiwi chaji, umeme ukikatika haizimiki, na mama aliweza kuishika mkononi akamwambia mjukuu wake amsomee kwa sauti. Maneno ambayo bibi hakuyaelewa, mtoto ilimbidi ayaeleze. Sijui njia bora ya kumpima mtoto kuliko hiyo.

Iringa mjini kuna maktaba ya mkoa, na Mbeya pia. Ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati nchi ilikuwa na kila sababu ya kusema haina pesa ya vitabu. Wazazi wengi wa rika langu hupita nje ya majengo hayo kwenda benki au sokoni bila kuingia. Ingieni. Kuna vitabu vya hadithi vya Kiswahili ambavyo madukani vimeshakwisha, kuna meza, na kuna utulivu ambao nyumba ya vyumba viwili haina. Mtoto anayesoma nyumbani huhitaji mahali pa kwenda asubuhi akiwa amevaa vizuri, mkoba begani.

Halafu ukaja Machi 2020. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya corona, na ghafla kila nyumba ikawa na hali kama yangu. Kihesa nzima ilijaa watoto. Televisheni na redio vikaanza kutoa masomo, TET wakaandaa vipindi, na wazazi wengi waliwasukuma watoto mbele ya skrini wakaenda kutafuta riziki. Siwalaumu, riziki haina likizo. Ila baada ya majuma machache jirani zake mama walianza kuja kuuliza mbona yule binti mgonjwa anaonekana anasoma na wa kwao wanaangalia tu.

Mama akafungua kibaraza chake. Nilikuwa na hofu kubwa, maana mtoto mwenye moyo dhaifu si wa kuwekwa kwenye msongamano, na hofu hiyo nilimwambia waziwazi. Tukakubaliana: ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, watoto wachache, wote nje, kila mmoja na kigoda chake mbali na mwenzake, na mwenye mafua abaki kwao. Watoto walitazama kipindi kila mmoja kwao, kisha wakaja barazani kikiwa kimekwisha. Kibarazani hapakuwa na redio wala televisheni. Palikuwa na swali lilelile la mwaka 1973: umesikia nini? Aliyesikia vizuri akamweleza aliyesinzia. Wakabishana. Mada ilikuwa usafirishaji wa maji kwenye mmea, basi wakaweka shina la ua jeupe kwenye kopo la wino, na asubuhi wakaja mbio kuliangalia.

Kwa binti yangu kibaraza kile kilikuwa dawa ya kitu ambacho sindano haikukigusa. Upweke. Tangu aache shule alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo mama mzazi huiona hata kwenye simu. Mtoto anayesoma peke yake hana wa kushindana naye, hana wa kucheka naye mwalimu akigeuka, hana wa kumwambia "hata mimi sijaelewa". Ukiwa unamfundisha mtoto nyumbani, kwa ugonjwa au kwa kuchagua, mtafutie wenzake hata wawili wa kukaa nao mara kwa mara. Kanisani, msikitini, kwa binamu, popote. Nimeona familia zilizokuwa na vitabu vya kila aina, kompyuta na walimu wa kulipwa, na mtoto akafifia.

Kuna jambo la Tanga ninalopenda kuwasimulia wazazi wanaoamini kwamba kishikwambi kitamaliza kila kitu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mashindano ya XPRIZE ya elimu ya watoto yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia shule. Programu zilikuwa za Kiswahili, na vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na ile ya onebillion, ziliachwa wazi ili yeyote azitumie. Ninaheshimu sana kazi ile. Maana yake, hata pasipokuwa na mwalimu, watoto wengi waliokoka. Lakini nusu ile iliyobaki bila kusoma neno moja inaniuma, na nikimkumbuka mama na stuli yake sina shaka kwamba wengi wao walihitaji mtu mmoja tu wa kuwauliza kila jioni.

Ratiba yetu haikuwa ya kujivunia kwa urefu. Saa mbili asubuhi hadi saa nne ndiyo masomo ya kuandika, hisabati kwanza kwa kuwa akili bado mpya, kisha kusoma kwa sauti. Saa nne uji. Mchana kulala, amri ya daktari. Alasiri mikono: kikapu, bustani, kupima. Mama alikuwa na maharage ya Njano Uyole yaliyotoka kwangu Mbeya, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kule Uyole, na mtoto aliyapanda mistari miwili, mmoja kwa samadi na mmoja bila, akawa anapima urefu kwa rula kila Jumamosi na kuchora grafu. Nilichokiona ni kwamba saa mbili za mtoto mmoja na mtu mzima mmoja zinabeba mambo mengi kuliko mzazi anavyodhani, na anayejaribu kuiga shule ya saa saba sebuleni humchosha mtoto, akachoka naye, na wiki ya tatu daftari linakaa bila tarehe.

Shule ya Mbeya nayo hatukuiacha. Mwalimu wa darasa alinitumia maswali ya muhula, nikayafunga kwenye bahasha, bahasha ikapanda basi kama kifurushi, ikapita Uyole, Chimala, Makambako na Mafinga, safari ya kilomita zaidi ya 300, mama akaipokea stendi. Mtoto aliyajibu kibarazani, bibi akiangalia saa. Majibu yakarudi kwa basi. Mwalimu akasahihisha kwa kalamu nyekundu kama za wenzake, na alama zikaingia kwenye kitabu chake cha maendeleo. Kwa mtoto, kalamu ile nyekundu ilimaanisha kwamba bado ni wa darasa lile.

Kabla hajarudi, tulimpeleka Isimila, si mbali na Iringa mjini, barabara ya kuja Mbeya. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na mahali ambapo Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958 akakuta zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na miaka kati ya 250,000 na 300,000. Binamu zake waliteremka korongoni. Yeye hakuruhusiwa kupanda na kushuka, akabaki juu zilipo zana, akakaa chini na kuchora shoka moja la mkono kwa muda ambao wenzake walizunguka bonde zima. Nilimwonea huruma. Jioni mama akauliza swali lake, na waliozunguka bonde walisema "tumeona nguzo". Aliyebaki juu alisema jiwe lile lilichongwa pande zote mbili, likawa nene kule kunakoshikwa na jembamba kule kunakokata, na ili kulieleza alichukua kiazi na kisu akatuchongea. Kiazi kilizunguka mkononi mwa kila mmoja wetu mezani.

Kimondo cha Mbozi alikiona baadaye, amepata nguvu, na baba yake akiwa likizo. Kiko kijiji cha Ndolezi, siku hizi ni mkoa wa Songwe, jiwe la chuma kwa karibu asilimia 90, uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Aliweka kiganja pale palipokatwa kwa msumeno zamani ili kuchukua sampuli, akasema ni baridi kuliko hewa. Njiani walikuwa wanakokotoa. Tani 12 ni magunia 120 ya mahindi ya kilo mia mia. Baba yake akamwambia semi lake hubeba tani 30, akaulizwa hapohapo: je, lingebeba vimondo vingapi? Viwili, na nafasi ya magunia 60 ikabaki. Nilikuwa kiti cha nyuma, na sikuongea kitu.

Wapo wazazi ambao hawasukumwi na ugonjwa. Iringa na Mbeya ziko familia za wamisheni na wageni wa miradi zinazofundisha watoto wao nyumbani kwa mitaala ya kwao, na wapo Watanzania wanaotamani hivyo hivyo. Ushauri wangu kwao ni kwamba wafikirie mtihani mapema, kwa sababu njia ya kurudi huwa nyembamba kadiri mtoto anavyokua. Kwa watoto walioikosa elimu ya msingi kuna MEMKWA, inayowarudisha kwenye mfumo. Kwa vijana walioikosa sekondari kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kuna Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ambao ukifaulu unakufungulia kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimewaona waliopita huko wakafika mbali. Lakini ni njia ya vijana wenye nia zao. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuibeba peke yake, na Sera ya Elimu, toleo la 2023, inaelekea kufanya miaka 10 ya shule kuwa ya lazima kwa kila mtoto.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Binti yangu alirudi Mbeya, tukapatana na dereva wa bajaji wa kumpandisha mlima jioni, na mwishoni mwa mwaka akafanya upimaji wa darasa la nne kwenye dawati lake, kwa namba yake. Alimaliza la saba mwaka 2023, akaingia kidato cha kwanza Januari 2024, mwezi uleule mtaala mpya ulipoanza. Sindano anaendelea nazo. Mama yangu bado yuko Kihesa, na wajukuu wanaokwenda kwake likizo hujua kwamba simu ikizimwa wataulizwa.

Ninalolitaka kwa halmashauri zetu si kubwa. Mtoto mwenye barua ya daktari aazimwe vitabu vya darasa lake vyote, siyo mama yake azichape kurasa steshenari. Mwalimu mmoja apangiwe kumtembelea, na ziara hiyo ihesabiwe kama kipindi alichofundisha. Hospitali zetu za rufaa zina wodi za watoto ambao hulala kwa majuma mengi, wa moyo, wa selimundu, wa mifupa iliyovunjika, na pembeni ya vitanda vyao huoni daftari.

Mwaka huu alikuja kibandani kwangu mama mmoja wa Isyesye, mwanawe ana selimundu na anakosa shule nusu ya kila muhula. Alitaka kujua programu ya simu. Nilimuuliza habari za rejista, tukaandika pamoja barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu juu ya meza ya vitenge, na nikamweleza habari za mama na redio yake. Mwalimu wa darasa la kijana huyo sasa hupita kwao kila Alhamisi baada ya vipindi, kwa nauli ya mfukoni mwake. Nauli hiyo ndiyo ninayotaka halmashauri ianze kuilipa.